Usifungue, Nangoja

Mnyororo uliruka saa nne asubuhi, katikati ya makutano ya soko, mbele ya lori la saruji na nyuma ya mwanamume aliyebeba kioo cha kabati begani. Chiriku alikanyaga pedeli, pedeli ikazunguka bure, na baiskeli ikasimama palepale. Lori likapiga honi. Teksi zikaitikia. Mwenye kioo akageuka kutazama kulikoni, na magari yote ya upande wa pili yakajiona ndani ya kioo chake, yamefura kwa hasira.

"Sogeza hicho chuma chako, dada!" dereva wa lori alifoka.

"Kisogeze wewe kwa honi, si unaipiga vizuri!"

Hakuitwa Chiriku bure. Wenzake wa maabara ya hospitali walimpa jina hilo wiki yake ya kwanza kazini, na hakuna aliyewahi kujuta. Kazi yake ilikuwa kupanda kila siku hadi zahanati ya mlimani, kwenye njia ya mawe ambayo gari haliiwezi, na kushuka na sampuli za damu kabla hazijaharibika. Siku hiyo alikuwa amevaa koti la mvua la manjano, kofia ngumu nyekundu, na mguu mmoja wa suruali ameuchomeka ndani ya soksi. Nyuma ya kiti alikuwa amefunga sanduku la barafu.

Ndipo mkono ukapita mbele ya uso wake, ukaishika baiskeli kwenye fremu na kuinyanyua. Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu aliyevaa shati jeupe, lililonyooshwa kwa pasi mpaka mistari ya mikono ingeweza kukata mkate.

"Wee kaka! Taratibu na hilo sanduku! Mna damu za watu humo."

"Naliona. Mbona wewe unalitikisa kila unapobadilisha giya?" alisema, huku akivuka barabara na baiskeli begani kama mtu aliyebeba mwavuli. "Nimekusikia tangu jana. Juzi pia. Ukipita hapa giya zako zinalia krr-krr kama panya kwenye gunia la mahindi makavu."

"Kwa hiyo kazi yako ni kusikiliza baiskeli za watu?"

"Ndiyo kazi yangu."

Na kweli ilikuwa kazi yake. Karakana yake ilikuwa chini ya ngazi za soko, chumba chembamba kama korido, spana zimepangwa ukutani kwa urefu wake. Watu walimwita Fundi tu. Mafundi wengine walikuwapo, lakini ukisema "Fundi" bila neno la pili, kila mtu alijua unamtaja huyo mwenye shati jeupe. Alilivaa makusudi. Fundi anayejipaka mafuta, alipenda kusema, ni mpishi anayejimwagia mchuzi.

Aliurudisha mnyororo kwa vidole viwili, akazungusha pedeli, akafumba macho. Alikaa hivyo, kichwa kimeinama, mpaka Chiriku akahisi aibu kama mtu aliyemkuta mwenzake kwenye sala.

"Waya umelegea na umeota kutu," alisema hatimaye. "Mnyororo una mchanga wa miaka miwili. Lakini mgonjwa wa kwanza ni wewe."

"Mimi?"

"Unabadilisha giya ukiwa katikati ya mlima, unakanyaga kwa hasira zote. Mnyororo utahamaje na wewe umeukalia? Badilisha kabla ya mlima, siyo juu yake. Ukitaka kubadilisha, lainisha mguu kidogo, kama unapita mlango wa chumba alicholala mtoto. Giya haipigwi, inabembelezwa."

"Haya, asante, mwalimu."

"Asante yako iweke. Utanipa ukishapanda."

Alimwachia apeleke damu, akamwambia arudi jioni. Aliporudi, baiskeli ilikuwa inang'aa, na chini ya kiti kulikuwa kumefungwa kikaratasi kigumu kwa uzi mweupe. Kila baiskeli iliyopita mikononi mwa Fundi ilitoka na kikaratasi kama hicho, kinachoeleza alichofanya. Wateja wengine walivichana bila kusoma. Chiriku alisoma.

*Mnyororo nimeosha, mafuta nimeupaka,*
*Waya mpya nimevisha, ukikwama nitafika.*

"Hivi umeandika shairi?" aliuliza, midomo ikipigana na kicheko.

"Nimeandika kazi niliyofanya. Kama imetokea kuwa na vina, si kosa langu."

Kesho yake Chiriku alipanda mlima kwa mara ya kwanza bila kusikia krr hata moja. Alilainisha mguu, akabonyeza, na mnyororo ukahama: tik. Kutoka zahanati akapiga simu.

"Nimepanda, Fundi. Naomba sasa upokee asante yako."

"Nimeipokea. Mguu ulilainisha?"

"Kama wa mwizi."

"Sikusema mwizi, nilisema mtoto amelala."

"Mwizi pia hataki mtoto aamke."

Fundi alicheka, na kicheko kile Chiriku alishuka nacho mlima mzima. Akawa mtu wa karakana. Kila Jumatano baada ya kazi alikaa kwenye kigoda na Fundi akamfundisha: namna ya kuzungusha kile kikaza-waya kwa robo tu, kisha kusikiliza, kisha robo nyingine, namna ya kuujua mnyororo uliochoka. Walibishana kuhusu kila kitu. Siku moja Fundi alimwita "kipenzi" katikati ya ubishi, spana ikaanguka, na hakuna aliyeiokota.

Kisha tangazo likabandikwa kwenye lango la uwanja: timu ya baiskeli za milimani inatafuta wapandaji wapya watatu. Majaribio mawili, Jumapili mbili mfululizo, muda unajumlishwa. Watakaochukuliwa watakwenda kufanya mazoezi mji wa mbali kwa miezi minane. Tangu akiwa msichana mdogo Chiriku alikuwa akiota kitu kimoja tu: kupanda milima bila sanduku la mtu nyuma ya kiti.

"Utashinda," Fundi alimwambia huku akifuta kwa kitambaa sahani ya meno, ile inayopandwa na mnyororo. "Hapo ndipo pabaya. Ukishinda unaondoka, mimi nibaki nasikiliza baiskeli za wauza maziwa." Akatabasamu. "Ningekuwa na roho mbaya, ningekuharibia giya moja tu. Moja ingetosha."

"Jaribu uone nitakavyokufanya, mpenzi."

Walicheka. Maneno ya mzaha hayana mguu, lakini hufika mbali.

Ijumaa, siku mbili kabla ya jaribio la kwanza, baiskeli iliteleza ukutani pale zahanati ikaangukia ubavu wa kulia. Chiriku aliinyanyua, akaona imekwaruzika kidogo, akaipitisha karakana ikaguliwe. Jumamosi alikuwa na zamu mpaka jioni, basi akamwomba shangazi yake akaichukue.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea. Alikuwa fundi cherehani, duka lake mitaa miwili kutoka sokoni, na kwa miaka thelathini hakuwahi kuona uzi unaning'inia akauacha. Alikata nyuzi kwenye mashati ya wateja wakiwa bado wameyavaa. Aliwahi kumkata kasisi uzi wa joho katikati ya ibada. Mkasi mdogo ulikaa shingoni mwake kama mkufu. Alipofika alikuta karakana imefungwa. Baiskeli ilikuwa kwa jirani, mchonga funguo.

"Fundi amesafiri ghafla alfajiri," mchonga funguo alisema. "Amesema kila kitu kimeandikwa."

Shangazi aliitazama baiskeli, akaridhika ni safi, akaona uzi mweupe unaning'inia chini ya kiti. Kidole kikaenda chenyewe. Kacha! Kikaratasi akakitia mfuko wa aproni, kwa maana hatupi kitu njiani, akaisukuma baiskeli nyumbani huku akiwaza mikono ya blauzi ya harusi.

Jumapili Chiriku aliamka na furaha ya ajabu. Alijaribu simu ya Fundi, haikupatikana. Akaenda. Mlima wa majaribio ulikuwa na mpando wa mwisho mkali kama ukuta, upande wa kushoto korongo. Chini yake Chiriku alikuwa wa pili. Alilainisha mguu mapema, akabonyeza giya nyepesi kuliko zote, ile sahani kubwa ya nyuma. Hakuna tik. Akabonyeza tena. Mnyororo ulikataa katakata, kama umegonga ukuta. Alikanyaga mpaka mapaja yakawaka moto, kisha akashuka na kusukuma kwa miguu huku wenzake wakimpita mmoja mmoja. Alimaliza wa saba.

Mzee mmoja wa timu aliinama, akachungulia nyuma ya baiskeli. "Skrubu ya kuzuia imekazwa, binti. Hii haikujikaza. Kuna mtu ameifunga giya hii."

Jioni simu ikapokelewa. Kulikuwa na kelele za kituo cha basi.

"Umepanda?" Fundi aliuliza haraka. "Simu ilikuwa imezima, nimepata chaji sasa hivi. Umepandaje?"

"Wewe uliifunga giya yangu?"

"Ndiyo, niliifunga. Si umesoma kikaratasi?"

"Kikaratasi gani? Hakuna kikaratasi! Nimekuwa wa saba, Fundi! Nimesukuma baiskeli mbele ya watu! 'Moja ingetosha,' ulisema. Kwa mdomo wako!"



"Unaamini hivyo?" Sauti yake ilikuwa ya chini, tena ya moto. "Mimi? Nikuharibie chombo?"

"Basi nieleze."

"Kazi yangu naiandika. Nimeiandika. Mtu anayeniita mwizi wa giya sijielezi kwake mara mbili."

"Sawa. Na mimi sitakuuliza mara mbili!"

Akakata. Alikwenda kuchungulia chini ya kiti: hakuna karatasi, hakuna hata uzi. Basi na mwongo pia, alijiambia. Akalala akiwa amekasirika, akaamka akiwa amekasirika, na Jumanne akaipeleka baiskeli kwenye duka kubwa lenye madirisha ya vioo. Fundi wa pale aliining'iniza, akazungusha skrubu mara mbili, akazungusha pedeli hewani. Mnyororo ulipanda sahani kubwa bila ubishi.

"Imepona, dada. Aliyekufungia alikuwa na lake."

Maneno hayo yalimchoma, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ameyasema tayari.

Alhamisi asubuhi alikuwa anapanda kwenda zahanati, sanduku tupu. Kwenye kona ya juu, penye mawe, akalainisha mguu kwa mazoea, akabonyeza giya nyepesi. Tik. Halafu kishindo cha chuma kikimeza chuma. Mtambo wa giya wa nyuma, ule unaouhamisha mnyororo, uliingia ndani ya spoki. Gurudumu likafunga ghafla kama mlango. Chiriku akarushwa kulia, akaangukia kwenye majani.

Alikaa pale akipumua. Kiwiko kilitoka damu. Vingine vyote vilikuwa vizima. Akaitazama baiskeli. Kile kipande kidogo cha chuma kinachoshikilia mtambo wa giya, ambacho Fundi alimfundisha kukiita kikono, kilikuwa kimekatika, na mahali kilipokatikia palionyesha ufa wa siku nyingi, mweusi nusu yake. Kilikuwa kimepinda tangu Ijumaa ile ukutani. Hewani, bila mzigo, kilijikaza kiume. Mlimani, chini ya uzito wa mtu, kililala ndani.

Kisha akakumbuka mpando wa mwisho wa Jumapili, na korongo lililokuwa upande wa kushoto, na jinsi alivyobonyeza, akabonyeza tena, kwa nguvu zake zote.

"Alinifungia njia ya kwenda kufa," alisema kwa sauti, peke yake, kwenye majani.

Alipiga simu maabara wamtume mwenzake kwa miguu, akashuka akiisukuma baiskeli mpaka dukani kwa shangazi.

"Yesu na Maria! Kaa hapo, mwanangu. Usiguse blauzi ya watu." Shangazi alipapasa mfuko wa aproni akitafuta kitambaa safi, akatoa chaki, akatoa pini, akatoa kikaratasi kigumu kilichokunjamana. "Shika hiki kwanza. Nilikikata kwenye baiskeli yako juzi, uzi ulikuwa unaning'inia ovyo…"

Aliishia hapo, kwa sababu Chiriku alikuwa anasoma na uso wake ulikuwa umebadilika.

*Kikono kimepindika, nimefunga giya moja,*
*Kipya hakijanifika, usifungue, nangoja.*

Shangazi alisoma juu ya bega lake. Polepole akauvua mkasi shingoni, akauweka mezani, akakaa.

"Mimi," alisema. "Ni mkono wangu huu."

"Ni mkono wako, shangazi, na ni mdomo wangu. Wa kwako ulikata uzi tu."

Chiriku alikwenda karakana vilevile, kiwiko kimefungwa kipande cha kitambaa cha harusi. Fundi alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, shati jeupe, mistari imenyooka. Lakini chini ya macho palikuwa na uchovu ambao pasi haifiki. Aliona kiwiko kwanza, kisha spoki zilizopinda.

"Umeumia?"

"Kidogo. Nilifungua, Fundi. Uliandika nisifungue, nikafungua." Akamwonyesha kikaratasi, akamweleza habari ya mkasi. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuita mbaya na wewe ulikuwa njiani unanitafutia dawa."

Fundi aliingiza vidole mfuko wa shati, akatoa kikono kipya, kidogo, kisichofika urefu wa kidole.

"Kila fremu ina chake," alisema. "Cha kwako kilikataa kupatikana miji miwili. Nilikipata wa tatu, kwa mzee mmoja aliyekuwa amekitumia kufungulia chupa. Kimekaa mfukoni hapa tangu Jumatatu."

"Na hukunipigia."

"Sikukupigia." Aliinamisha kichwa. "Nilikuwa najiambia, aje mwenyewe, mimi niliandika. Nimeringa siku nne, na wewe siku nne hizo unapanda juu ya chuma kilichopasuka. Kiburi changu kingekuua, Chiriku. Ilinipasa niseme kwa mdomo. Jambo kama lile halifungwi kwa uzi. Nisamehe na mimi."

"Nimekusamehe tangu nilipokuwa kwenye majani."

"Na mimi tangu kituo cha basi. Nilikuwa sijajiambia tu."

Basi wakaanza kazi, kwa maana Jumapili ilikuwa karibu. Mtambo wa giya ulikuwa umesagika, haukufaa. Fundi aliingia ndani, akarudi na mwingine mkononi, safi, na Chiriku akautambua.

"Huu ni wa baiskeli yako!"

"Ulikuwa. Yangu itapumzika."

Alifunga kikono, akakinyoosha sambamba na gurudumu, akapima juu, akapima chini. Akakunja mikono ya shati na kunyoosha spoki moja moja. Akavuta waya, akazungusha robo, akasikiliza, robo nyingine. Kisha akamwachia Chiriku pedeli.

"Sasa sikiliza wewe."

Chiriku alifumba macho. Nje soko lilikuwa linavuma, mtu anauza vijiko, mtu anagombana na mwanawe. Ndani ya kelele hizo alisikia mnyororo ukipanda sahani moja baada ya nyingine, tik, tik, tik, mpaka ile ya mwisho, kubwa, nyepesi.

"Asante," alisema, bado macho yamefumbwa.

"Iweke. Utanipa…"

"Siiweki. Ya leo pokea leo."

Na Fundi, ambaye hakuwahi kupokea asante kabla ya mlima, aliipokea hiyo akiwa amesimama, na macho yake yakalowa bila kumwomba ruhusa.

Jumapili Chiriku alifika chini ya mpando wa mwisho akiwa wa nne. Alilainisha mguu kabla ya mlima, siyo juu yake. Tik. Akampita mmoja, akampita wa pili, na penye korongo akampita wa tatu, akiimba kwa sauti ya kukera kila mtu. Aliwahi kufika kuliko wote. Muda ulipojumlishwa na ule wa Jumapili ya aibu, alikuwa wa tatu, na sekunde nne tu zilimtenganisha na wa nne. Shangazi alimkumbatia mzee wa timu ambaye hamjui. Fundi alisimama kando, akashika kiti cha baiskeli kwa mikono miwili kama mtu anayeshukuru farasi.

Wiki mbili baadaye walimsindikiza. Kulikuwa na basi linalonguruma, baiskeli imefungwa juu ya keria, na Chiriku katika koti lilelile la manjano. Alikuwa amemshukuru kila mtu: nesi wa zahanati, wenzake wa maabara, mchonga funguo, hata dereva mmoja wa lori la saruji aliyemkuta makutanoni na ambaye hakuelewa kabisa anashukuriwa nini.

"Miezi minane," Fundi alisema. "Ukisikia krr, robo tu. Usizidishe."

"Robo tu. Simama wima, nina kazi nawe."

Akatoa mfukoni kikaratasi kigumu chenye uzi mweupe, akakifunga kwenye kifungo cha juu cha shati la Fundi, mafundo mawili, akarudi nyuma hatua moja. Fundi alikigeuza akasoma, midomo ikicheza.

*Nitakwenda, nitarudi, nioe nikirejea,*
*Usifungue ahadi, nami pia nakungojea.*

Alisoma tena. Kisha, kwa kuwa alikuwa yule yule, akaanza kuhesabu kwa vidole.

"Kipande cha mwisho kina mizani tisa," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Imezidi moja. Inaning'inia."

"Fundi! Nimekuomba ndoa, unanihesabia mizani?"

"Ndiyo. Nakubali. Ndiyo, kipenzi, ndiyo mara tisa. Lakini hii moja iliyozidi, niikate wapi?"

"Usiikate!" Ilikuwa ni sauti ya shangazi, kutoka nyuma yao. Mkasi ulikuwa shingoni, na mikono yake yote miwili alikuwa ameificha mgongoni. "Iache ining'inie hapohapo mpaka arudi. Mimi sijagusa."